Kaka Watatu wa Kakule

Lundi, 18 Septemba

Mvua imeanza na sisi tumeanza. Timu yetu ni watu wanne. Mimi Wivine na Olive tunauliza maswali, Donat anapima watoto uzito na urefu na kuwatoa tone la damu kidoleni, na shefu wetu wa kazi ni muzee Bagalwa, Mushi wa upande wa Bukavu, anayetembea na mwavuli hata jua likiwaka. Uchunguzi ni wa nchi nzima. Nyumba zimechaguliwa kwa kura, na katika kila moja mama anaulizwa amezaa wangapi, wangapi wako wazima, wangapi walikufa, wanalala ndani ya chandarua, wanakunywa maji ya wapi. Kila baada ya miaka kadhaa wanauliza vilevile, halafu kule Kinshasa wanalinganisha na kuona kama afya ya watu inapanda au inashuka.

Asubuhi Bagalwa ametukumbusha tena sheria yake moja, nadhani hata usingizini anaisema: soma swali kama lilivyoandikwa. Usiongeze, usipunguze, usimsaidie mama kujibu. Olive anatikisa kichwa kama mwanafunzi wa kwanza. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Nimeuliza watu maswali tangu niko msichana, nimefanya kazi na mashirika yote yaliyopita mji huu, leo nifundishwe kusoma? Nimempa jina: Papa Kama-Ilivyo. Donat alicheka mpaka akamwaga chai yake.

Mardi, 19 Septemba

Keshero, mtaa wa huku Goma. Matope juu ya mawe ya volkano. Viatu vimekwisha.

Jeudi, 21 Septemba

Leo nimefanya kazi ya kweli. Mama mmoja, Munande mwenzangu aliyetoka Beni, ameniambia amezaa wawili tu, mvulana na msichana, wote wazima. Nikamuuliza majina. Mvulana anaitwa Kasereka.

Sasa, mtu wa Kinshasa hawezi kusikia kitu hapo. Olive naye ni Mushi, kabila la Bagalwa, asingesikia kitu. Lakini kwetu Wanande jina linahesabu. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Ukisema Kasereka umeshaniambia kuko wawili mbele yake. Nikaweka tableti chini, nikamuuliza polepole kwa Kinande: na Paluku? Na Kambale? Akaniangalia sana. Kisha akalia, akanieleza wote wawili, homa ya kwanza na ya pili, na akasema tangu ahamie Goma hakuna mtu amewahi kumuuliza juu yao. Alinishika mikono mlangoni.

Nimerudi na furaha kubwa. Wawili ambao wangepotea, nimewatoa mimi kwa masikio yangu.

Lundi, 25 Septemba

Mvua mchana kutwa juu ya mabati, unapiga kelele ili mama asikie swali, na jirani naye anasikia jibu. Hata hivyo nimepata Paluku mwingine.

Jeudi, 28 Septemba

Bagalwa ameniita ndani ya gari, amefunga vioo. Nikajua kuna neno.

Amesema katika nyumba zangu watoto waliokufa ni wengi karibu mara mbili kuliko za Olive, na tunafanya kazi avenyu moja, barabara ileile. Nikamuuliza kama ananiita mwongo. Hapana, amesema, amerudi mwenyewe katika nyumba mbili na amekuta ni kweli. Nikamwambia basi shida iko wapi, anishukuru. Ndipo akaniuliza ninawatoa wapi. Nikamweleza habari ya majina, na bila shaka kwa sauti ya kujisifu.

Aliweka mwavuli katikati ya magoti. Halafu akasema:

"Mama Wivine, Mushi jina lake halihesabu. Kwa hiyo Wanande unawauliza mara mbili, Washi mara moja. Kule juu wataona watoto wa Wanande wanakufa kuliko wa Washi, kwenye avenyu moja, maji mamoja. Hao ni wewe utakuwa umewaua kwa hesabu."

Na hakuishia hapo. Uchunguzi uliopita hakuna mtu aliuliza kwa mtindo wangu, amesema. Wakilinganisha, wataona vifo vimepanda, watafikiri chanjo imeshindwa, kumbe ni masikio ya Wivine. Nikamjibu kwamba basi yeye anataka waliokufa wabaki wamefichwa ili mstari wa grafu yake upande vizuri. Akasema anataka kosa liwe lilelile kila mahali, maana kosa ukilijua utalisahihisha, lakini kosa la mtu mmoja hakuna anayejua liko wapi.

Nimefungua mlango nikatoka kwenye mvua. Mwanaume mwenye moyo wa rula. Nimekasirika mpaka sasa, na kinachoniuma zaidi ni kwamba nimetafuta jibu njia yote mpaka nyumbani na sijalipata.

Lundi, 2 Oktoba

Kitu kibaya kimetokea na ni mimi.

Nyumba ya mbao, safi, nyuma ya kwa Mama Louise ambaye anauza makala, mkaa wa kupikia. Mwenye nyumba ni Cibalonza, Mushi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni. Mume hayupo. Majirani wanamwita Mama Kakule kwa sababu ya mvulana wake, wa miaka mitano hivi, aliyekuwa amekaa chini anafunga gurudumu kwenye kigari cha waya. Niliposikia Mama Kakule masikio yangu yakasimama. Nikawaza, mume wake alikuwa Munande, sawa.

Nikamuuliza amezaa mara ngapi. Mara moja. Ni huyu? Ni huyu. Jina lake? Kakule.

Niliikumbuka sheria ya Bagalwa. Niliikumbuka na nikaikanyaga, kwa sababu tangu ile siku ya gari nilikuwa nataka nimletee nyumba moja ambayo itamfunga mdomo. Nikasema, nakumbuka kila neno: "Mama, Kakule hawezi kuwa wa kwanza. Lazima iko na kaka watatu. Paluku, Kambale, Kasereka. Wako wapi?"

Mtoto aliacha kigari, akainua kichwa. Cibalonza alisimama. Nilingoja machozi, kwa sababu nimeshazoea machozi na mikono ya shukrani. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia mlango unavunjwa. Akaniuliza nani amenituma. Nikasema serikali, uchunguzi wa afya. Akauliza tena, hao watatu ndio wamenituma? Nilianza kueleza habari ya majina, yeye hasikilizi tena, amemvuta mtoto nyuma ya sketi yake. Akaniambia nitoke. Alisema kwa adabu, mkono wake tayari kwenye mlango.

Kwenye tableti nimeandika: haijamalizika.

Mercredi, 4 Oktoba

Nimerudi kuomba radhi. Kufuli mlangoni. Ndani, nimechungulia kwenye nafasi kati ya mbao, hakuna kitanda, hakuna sufuria. Mama Louise aliendelea kupanga makala yake, hakuniangalia. Nilimsalimia mara tatu.

Vendredi, 6 Oktoba

Olive amekataliwa nyumba nne. Wanamwambia sisi tunatafuta watoto. Nani kasema? Watu.

Mardi, 10 Oktoba



Donat alikuwa ameshapima watoto wawili kwa mama mmoja aliyekuwa bado anatukubali. Ule ubao wa kupimia urefu, mtoto analazwa juu yake na mtu anashika miguu. Mtu aliyepita njiani aliona na akapiga kelele kwamba wanawapima ili kuwapeleka. Katika muda mdogo avenyu ilijaa. Wanawake mbele, vijana nyuma, na wale vijana tayari wana mawe mkononi, na Goma yote ni mawe. Mmoja aliuliza kwa nini damu ya watoto. Mwingine akasema walianza na mutoto wa Mama Kakule, wakamwambia iko na kaka wanakuja kumchukua, mama amekimbia na mutoto usiku uleule.

Bagalwa alijiweka mbele yetu na mwavuli wake. Alianza kusema kwa Kiswahili, wakamzomea, akageukia Kimashi, akamkuta mama mmoja wa rika lake akaanza kumuuliza habari ya nyumbani kwao. Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu yuko kwenye harusi. Mawe yalikuwa yanashuka chini moja moja. Lile moja ambalo halikushuka lilimpata Donat juu ya jicho.

Ameshonwa. Aliniambia si kitu, hata akatania kwamba sasa atapata mke kwa sababu ya kovu. Hajui kwamba yule mtu aliyesema habari ya kaka alisema ukweli. Bagalwa anajua, nilimweleza siku niliyokuta kufuli. Ameendesha gari mpaka kwangu, na mimi nilitamani anitukane.

Jeudi, 12 Oktoba

Avenyu yetu imesimamishwa. Mwezi wa kumi na moja, tarehe nane, watakuja wakaguzi kutoka Kinshasa, watauliza upya nyumba chache. Ya Cibalonza iko kwenye orodha yao. Wakikuta kufuli watasema nyumba nimeibuni, mimi nitafukuzwa, na avenyu nzima itatupwa, wote, pamoja na Paluku na Kambale wa yule mama wa Beni. Bagalwa amenieleza hayo kama-ilivyo, hakuongeza, hakupunguza.

Nafukuzwa, sawa. Lakini kuna mwanamke yuko mahali fulani na mtoto wake kwenye mvua hii kwa sababu ya mdomo wangu. Hilo ndilo linanikosesha kula.

Lundi, 16 Oktoba

Mvua. Tunafanya upande mwingine wa mji. Nasoma swali kama lilivyo.

Mardi, 17 Oktoba

Mvua.

Lundi, 23 Oktoba

Milio mizito ya mizinga upande wa Sake tangu asubuhi. Watu wanashuka barabarani na magodoro juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Katikati ya swali la chandarua mama aliyekuwa ananijibu aliinua kichwa, tukasikiliza wote wawili, kisha akasema endelea. Kila mwanamke mfupi mwenye mtoto mkononi nageuza shingo.

Vendredi, 27 Oktoba

Nimeenda Kanyaruchinya, kwenye hema za wakimbizi, kumtafuta. Kazi ya kipumbavu. Wamejaa, na mtu anayekimbia hasimami kwenye mstari wa chakula akiita jina lake.

Jeudi, 2 Novemba

Siku ya marehemu. Baada ya misa nimewasha mishumaa mitatu: Paluku, Kambale, Kasereka. Kaka zake Kakule. Nimewaona kabisa, Kasereka mwembamba, Paluku anabeba wenzake. Nililia kwa ajili yao mbele ya watu na sikuona haya.

Bagalwa alikuwa nje ya kanisa na mke wake. Huyo mama alitangulia kununua mkate, na Bagalwa akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba wao wamezika watoto wawili. Uchunguzi wa miaka ile ulifika nyumbani kwao. Mke wake aliulizwa kama lilivyo, na akajibu hakuna aliyekufa. Yeye alikuwa amekaa palepale, shefu wa timu nyingine siku zile, na hakusema kitu.

"Kwa hiyo usifikiri mimi sijui," aliniambia.

Moyo wa rula, niliandika. Sikufuta, ibaki hapo nione haya.

Samedi, 4 Novemba

Bagalwa amekwenda kununua makala kwa Mama Louise. Amekwenda mara kadhaa kumbe, wiki tatu hizi, nyumba yake lazima imejaa makala mpaka dirishani. Wanaongea Kimashi, habari za kwao Kabare, mvua, bei. Leo huyo mama amemwambia mwenyewe: Cibalonza yuko Mugunga, kwa binamu yake. Ameshatoa sharti. Aje yule mwanamke mwenyewe, bila gari, bila ile mashine ya kupimia watoto.

Kesho tunakwenda.

Dimanche, 5 Novemba

Tulipanda moto mbili, zile pikipiki za abiria, mpaka Mugunga, halafu tukatembea. Bagalwa alibaki barabarani chini ya mwavuli. Akasema hii ni ya kwangu.

Binamu alinifungulia, akaangalia tableti yangu kifuani, akanionyesha ndani. Cibalonza alikuwa anachambua sambaza kwenye ungo. Amekonda. Mtoto alikuwa mlangoni pa nyuma na kile kigari cha waya, na aliponiona aliruka akasimama karibu yangu kabisa. Mama yake akamrudisha nyuma kwa mkono mmoja.

Nilipiga magoti kwenye udongo, kwa kweli sikupanga hivyo. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi na kwamba hakuna mtu aliyenituma. Akauliza:

"Hao kaka watatu, wanakuja lini?"

Nikamuuliza kaka gani.

"Ulisema lazima iko nao. Ulitaja majina yao. Mutu anajua majina yao, anawajua wao. Mimi nilifikiri huyu mutoto hana mutu. Sasa kila mwanaume akipita hapa naweka ufunguo mulangoni."

Na ndipo akanieleza, macho kwenye samaki. Kipindupindu cha mwaka jana. Alikuwa kituo cha matibabu na binti yake, kitanda cha pili kulikuwa na mwanamke wa kutoka mji wa Kiwanja na mvulana wake. Yule mwanamke alikufa. Binti yake naye alikufa. Mvulana alibaki amekaa katikati ya vitanda viwili. Hakuna ndugu aliyekuja kumuulizia. Alimbeba, akahama mtaa, akaenda Keshero ambako hakuna anayemjua, na jina hakulibadilisha kwa sababu mtoto hakuja na kitu kingine. Yeye Mushi, Kakule kwake ni jina kama jina lolote. Hakujua kama linahesabu.

Nikamgeukia mtoto, nikamuuliza kwa Kinande nani alimpa jina. Kinande chake kimeanza kuota kutu, lakini alinijibu mara moja. Babu yake aliitwa Kakule, na mama alisema yeye ni Kakule wa babu. Nikamuuliza nyumbani walikuwa nani na nani. Mimi, alisema, na mama, na mbuzi.

Na mbuzi. Jina la babu, Mungu wangu. Jambo ambalo hata kwetu Butembo linafanyika kila siku, na mimi mwenyewe niko na mpwa wa namna hiyo. Kaka watatu hawakuwahi kuzaliwa. Niliwazaa mimi, kwa ajili ya kumfunga Bagalwa mdomo, na huyu mwanamke amefunga nyumba yake akakimbia watu watatu ambao hawapo.

Nilimwambia yote. Ilibidi niseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Mara ya pili aliweka ungo chini, akafunika uso kwa kitenge, mabega yakashuka. Alisema tu, basi. Akasema tena, basi. Halafu akasema atarudi Keshero mardi, kesho kutwa, na wale wakubwa wa Kinshasa waje wamuulize, lakini mimi nimalize kwanza nilichoanza.

Nikamweleza kwamba majina yanaondolewa, huko juu inabaki hesabu tu, hakuna atakayejua ni yeye. Nikafungua tableti na kusoma, polepole, kama lilivyoandikwa, hata pumzi sikuongeza: je, umewahi kuzaa mtoto mwanaume au mwanamke ambaye alizaliwa hai lakini baadaye alikufa?

Mvua ilikuwa imeanza tena. Sikumsaidia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za msimu huu, kukaa pale na kunyamaza.

"Ndiyo," alisema. "Mmoja. Ansima."

Nikaandika. Umezaa mara moja. Msichana. Hayuko hai. Alikufa na mwaka mmoja na nusu. Aliniomba nimsomee, nikamsomea. Akaniuliza kama ikifika Kinshasa itakuwa bado moja, nikasema ndiyo, moja. Alitikisa kichwa, akalia vizuri, na binamu yake akaja akamshika. Huyo mmoja wa kweli nilikaa na mama yake uso kwa uso mwezi uliopita na sikumsikia, kwa sababu nilikuwa natafuta watatu.

Nilikuwa navaa viatu mlangoni wakati Kakule alikuja. Alikuwa amekishika kigari. Akanionyesha amekiongezea nafasi nyuma, kipande cha bati, na mawe matatu juu yake yamekaa kwa mstari. Nikamwambia ni kizuri. Akauliza kwa sauti ya chini, ili mama yake asisikie, kama wako karibu kufika.

Nikamuuliza nani.

"Kaka zangu."

Mwezi mzima. Mama anaweka ufunguo, na mtoto anawangoja.

Sikuweza kumdanganya, nimeshadanganya vya kutosha. Nikamwambia nilikosea, mwanangu, hawapo. Yeye hakulia. Aliangalia mawe yake, akafikiri, na akaniuliza kwa Kinande, taratibu, kama mtu anayepunguza bei ili ipatikane:

"Hata Kasereka?"